Kazi za Takwimu Zinapohama Kompyuta: Kwa Nini Mpangilio wa Folda Unatuhusu Sote



Kila robo mwaka tunapokea kutoka kwenu fomu za zahanati, shule, visima na vikundi vya kuweka akiba. Baadaye mnaziona takwimu zikiwa zimejumlishwa katika taarifa ya mwaka: akina mama waliojifungulia zahanati, watoto waliochanjwa, kaya zinazopata maji safi. Yale yanayotokea katikati, tangu fomu inapotoka parokiani hadi jumla inapochapishwa, wengi hawapati nafasi ya kuyaona.

Katika toleo hili tunaeleza sehemu moja ya safari hiyo, ambayo mara nyingi huachiwa mafundi peke yao. Ni namna kazi za kuunganisha takwimu zinavyohamishwa kutoka kompyuta ya majaribio kwenda kompyuta ya kazi halisi, na namna mpangilio wa folda zake unavyolindwa usivurugike njiani.

Tunalieleza jambo hili kwenu kwa sababu moja. Kazi ikihamishwa ovyo, fomu ambayo muuguzi ameijaza kwa uangalifu inaweza kuhesabiwa mara mbili, au isihesabiwe kabisa, na kompyuta isiseme neno.

Kazi ya kuunganisha takwimu ni nini?

Tunaposema "kazi" hapa, tuna maana ya orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata kwa utaratibu ule ule kila inapoamriwa. Kwa takwimu za zahanati, maagizo huwa kama haya:

1. Fungua folda ya mafaili yaliyopokelewa.
2. Soma kila faili lililomo.
3. Linganisha jina la kituo na orodha kuu, ili "Zahanati ya Mt. Yosefu" na "Zah. Mtakatifu Yosefu" zisihesabiwe kuwa vituo viwili.
4. Mstari wenye kasoro uweke kando, katika folda ya kasoro.
5. Mistari iliyo sahihi iandike katika hifadhidata.
6. Faili lililokwisha kusomwa lihamishie folda ya yaliyosomwa, ili lisisomwe tena kesho.

Programu za kutengenezea kazi kama hizi ni nyingi. Mojawapo inayojulikana sana na mashirika yasiyo na fedha nyingi ni Kettle, iliyoandikwa na Matt Casters wa Ubelgiji na kutolewa bure kwa watumiaji wote mwaka 2005. Kettle maana yake ni birika, na sehemu zake nazo zilipewa majina ya jikoni: Spoon, yaani kijiko, ya kuchorea kazi, Pan, yaani kikaango, na Kitchen, yaani jiko, za kuziendesha. Mwaka 2006 Kettle ilichukuliwa na kampuni ya Pentaho, na mwaka 2015 Pentaho ikanunuliwa na Hitachi. Kutokana na mizizi hiyo hiyo lilichipuka tawi jingine lililo bure, Apache Hop, lililopokelewa chini ya Apache Software Foundation mwaka 2020. Mifano yetu hapa tumeitoa katika programu hizi mbili, lakini kanuni zake ni zile zile katika programu nyingine.

Kwa nini kazi ihamishwe?

Mpishi wa sherehe huonja mchuzi kabla ya kuwapakulia wageni. Vivyo hivyo kazi ya takwimu haitengenezwi juu ya hifadhidata halisi. Kwa kawaida huwa na mazingira matatu.

La kwanza ni mazingira ya kutengenezea, yaani kompyuta ya fundi mwenyewe. Hapo anajaribu na kufuta apendavyo, akitumia takwimu za kubuni.

La pili ni mazingira ya majaribio. Hapo mtu mwingine, asiye yule aliyetengeneza kazi, huiendesha juu ya takwimu zinazofanana na za kweli kwa wingi na kwa kasoro zake, ila hazina majina ya watu.

La tatu ni mazingira ya kazi halisi. Hapo ndipo zinapokaa takwimu zenu, na ndipo taarifa ya mfadhili inapotoka.

Kazi ikirekebishwa, tuseme kwa sababu fomu ya chanjo imeongezewa swali, inapaswa kupita mazingira yote matatu kwa zamu. Kila hatua ni kuhama. Na kama ilivyo kwa kuhama nyumba, tatizo mara nyingi si vyombo vyenyewe. Tatizo ni kwamba kila mtu alizoea kuvikuta mahali fulani.

Folda ni anwani

Kompyuta haijui "mafaili ya Machi" kwa kuyatazama. Inajua anwani tu: diski fulani, ndani yake folda fulani, ndani yake folda nyingine. Fundi akiandika ndani ya kazi anwani ya kompyuta yake mwenyewe, kwa mfano folda iliyoko kwenye diski C chini ya jina lake, kazi itakwenda vizuri kwake. Ikifika kwenye seva, ambako hakuna diski C wala folda yenye jina lake, itakwama.

Kukwama huko ni afadhali, kwa sababu kunaonekana. Yako mambo manne yasiyoonekana kwa urahisi.

*Folda ipo, lakini ni tupu.* Kazi ikielekezwa kwenye folda isiyo na faili, mara nyingi haitoi kilio chochote. Imeambiwa isome kila faili lililomo, halimo hata moja, basi imemaliza. Ripoti yake itasema kazi imekamilika, na mistari iliyosomwa ni 0. Asiyetazama hiyo 0 ataamini kila kitu ni shwari.

*Yaliyosomwa yanarudi kuwa yaliyopokelewa.* Tuchukue mfano. Zahanati 12 zimeleta fomu za Machi, na jumla ya waliojifungua ni 84. Kazi imeyasoma mafaili 12 na kuyahamishia folda ya yaliyosomwa. Sasa fundi anahamisha kazi mpya, na kwa kutaka kusaidia ananakili pia folda zote za takwimu kama zilivyokuwa mwanzo wa wiki. Mafaili ya Machi yako tena kwenye folda ya yaliyopokelewa. Usiku kazi inayasoma upya, na 84 inakuwa 168. Mwenye kusoma taarifa anafurahi kwamba huduma imekua maradufu, kumbe hakuna mtoto hata mmoja aliyeongezeka.

*Herufi kubwa na ndogo.* Kwa kawaida kompyuta zinazotumia Windows huona "Zahanati" na "zahanati" kuwa folda moja. Seva nyingi hutumia Linux, nayo huziona kuwa mbili tofauti. Windows pia hutenganisha majina ya folda kwa mkwaju ulioinamia nyuma, Linux kwa mkwaju ulioinamia mbele. Kazi iliyofaulu mara mia kwenye kompyuta ya fundi inaweza kutoikuta folda yake kwenye seva kwa sababu ya herufi Z moja.

*Kazi nusu.* Kazi kubwa huita kazi ndogo zilizo katika folda nyingine. Ikihamishwa kubwa peke yake, itaendelea kuziita ndogo za zamani zilizobaki kule. Matokeo ni mchanganyiko wa kanuni mpya na za zamani ambao haukuwahi kujaribiwa na mtu yeyote.

Wakubwa nao yamewapata

Mtu anaweza kudhani haya ni matatizo ya mashirika madogo yasiyo na wataalamu. Sivyo.

Tarehe 31 Januari 2017, katika GitLab, kampuni inayotunza programu za watengenezaji duniani kote, mtaalamu alikusudia kufuta folda ya hifadhidata kwenye seva ya pembeni. Amri ikatekelezwa kwenye seva kuu. Aliposhtuka na kusimamisha, kati ya takriban GB 300 zilikuwa zimebaki kama GB 4.5. Walipotafuta nakala za akiba, waligundua kwamba utaratibu wa kila siku wa kuzitengeneza ulikuwa haufanyi kazi, na hakuna aliyekuwa amejua. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa saa sita kabla kwa ajili ya mazingira ya majaribio. Yale yaliyoandikwa na watumiaji ndani ya saa hizo sita yalipotea. Kampuni yenyewe ilieleza mambo yote hadharani, na kwa hiyo wengine tumeweza kujifunza.

Mfano wa pili ni wa Uingereza mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona. Matokeo ya vipimo kutoka maabara yalikuwa yakiunganishwa kwa kupitia mafaili ya Excel ya aina ya zamani, ambayo hayabebi zaidi ya mistari 65,536. Faili lilipojaa, mistari iliyozidi iliachwa nje kimyakimya. Wagonjwa 15,841 waliothibitishwa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia katika hesabu kwa wakati. Wenyewe walikuwa wamepewa majibu yao, lakini watu waliokutana nao walichelewa kufuatiliwa.

Katika mfano wa kwanza kazi ilikuwa sahihi, mahali palikosewa. Katika wa pili njia ilikuwa sahihi kwa mafaili madogo, lakini haikustahimili wingi wa kweli. Yote mawili ndiyo hasa yanayopaswa kukamatwa wakati wa kuhama.

Kanuni tunazozishika

Kanuni ya kwanza: *kazi isijue inakaa wapi.* Ndani ya kazi hatuandiki anwani kamili ya folda. Tunaandika jina la badala, na kila mazingira yana faili dogo la mipangilio linalosema jina hilo maana yake ni nini hapo. Katika Kettle, faili hilo huitwa kettle.properties. Katika Hop, kila mradi una folda mama inayotajwa kwa jina PROJECT_HOME, na mradi mmoja unaweza kuwa na mazingira mengi, kila moja na faili lake la mipangilio. Kazi ikiambiwa "soma folda ya yaliyopokelewa", itauliza mipangilio ya hapo ilipo. Kwa hiyo kazi iliyojaribiwa na kazi inayokwenda kutumika ni ile ile, herufi kwa herufi. Kinachobadilika ni faili la mipangilio tu, na hilo halihami.

Kanuni ya pili: *folda za kazi zihame, folda za takwimu zisihame.* Tunazitenga tangu mwanzo. Upande mmoja ziko folda za maagizo: kazi kubwa, kazi ndogo, orodha za kulinganishia majina. Upande wa pili ziko zilizopokelewa, zilizosomwa, zenye kasoro. Fundi anayehamisha ana ruhusa ya kuandika upande wa kwanza peke yake. Ule mfano wa 84 kuwa 168 hauwezi kutokea kama mkono wa mhamishaji haufiki kwenye folda ya yaliyopokelewa.

Kanuni ya tatu: *mpangilio uwe mmoja kote.* Folda zilizo chini ya folda mama zina majina yale yale na ngazi zile zile katika mazingira yote matatu. Majina yote ni ya herufi ndogo, hayana nafasi wala alama za pekee. Mwaka huandikwa kabla ya mwezi, na mwezi kwa tarakimu mbili, kwa mfano 2024-03, ili kompyuta ikiyapanga yajipange kwa tarehe. Hakuna anayeunda folda mpya kwenye seva kwa mkono. Folda ikihitajika, inaundwa kwanza kwenye mazingira ya kutengenezea, kisha inasafiri pamoja na kazi.

Kanuni ya nne: *kifurushi kizima au hakuna.* Hatuhamishi faili moja moja. Mradi wote hufungwa kuwa kifurushi kimoja chenye namba ya toleo. Historia ya mabadiliko hutunzwa kwa Git, programu ya bure iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ambayo huonyesha nani alibadilisha nini na lini. Kifurushi kipya hakiwekwi juu ya cha zamani. Huwekwa katika folda yake, kisha seva huambiwa itumie hicho. Kikileta shida, seva huambiwa irudie cha zamani, ambacho bado kipo kizima.

Kanuni ya tano: *hesabu kabla na baada.* Kwa kuwa folda tupu haipigi kelele, tunaifundisha kazi kupiga kelele. Orodha kuu inasema zahanati ngapi zinatarajiwa. Kazi ikikuta mafaili machache kuliko hayo, inasimama na kumpelekea msimamizi ujumbe. Baada ya kuhama, huiendesha kazi juu ya mwezi uliokwisha kufungwa, katika nakala ya hifadhidata, na kulinganisha jumla. Ikitofautiana hata kwa mtu mmoja, kazi hairuhusiwi kuingia hadi sababu ijulikane.

Takwimu za vituo vya afya zina kipimo kingine pia. Vituo vya mashirika ya dini hupeleka taarifa zao serikalini, na Kenya na Tanzania zote hutumia mfumo wa DHIS2, uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo; Kenya iliuanzisha nchi nzima mwaka 2011. Jumla yetu ikitofautiana na ile iliyoko huko kwa kituo kile kile na mwezi ule ule, lipo la kuulizwa. DHIS2 yenyewe ina somo zuri. Kila takwimu hutambulishwa kwa kipengele, kipindi na kituo, hivyo namba ile ile ikiingizwa mara ya pili hukaa mahali pa ile ya kwanza, haiongezeki juu yake. Inaruhusu pia kuingiza kwa majaribio, ambapo mfumo hueleza nini kingetokea bila kuandika chochote. Kazi zetu nazo tunataka ziwe hivyo: zikiendeshwa mara mbili, jumla ibaki moja.

Majina ya watu na maneno ya siri

Liko jambo jingine linalosafiri pamoja na folda bila kualikwa. Fundi anayechukua folda nzima ya yaliyopokelewa ili akajaribie kazi yake anaweza kuwa amebeba majina ya wagonjwa na hali zao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hata bila sheria, mama aliyempa muuguzi siri yake hakumpa fundi wa kompyuta mjini.

Kwa hiyo takwimu hazirudi nyuma. Kazi husafiri kutoka majaribio kwenda kwenye kazi halisi, lakini takwimu halisi hazisafiri kwenda kwenye majaribio mpaka majina yameondolewa. Maneno ya siri ya hifadhidata nayo hayafungwi ndani ya kifurushi. Hukaa katika mipangilio ya kila mazingira, chini ya ufunguo wa wachache. Hii pia ni kinga: kazi iliyoko kwenye majaribio haiwezi kuandika kwenye hifadhidata halisi, hata mtu akikosea, kwa sababu haina ufunguo wake.

Ninyi mnaweza kufanya nini?

Kwa wanakamati wa parokia, mambo matatu yanasaidia sana.

Kwanza, tumieni jina la faili lile tulilokubaliana, na namba ya kituo isibadilike. Faili liitwalo "ripoti mpya ya mwisho kabisa" halina njia ya kujua linakwenda folda gani.

Pili, mkigundua kosa katika fomu mliyokwisha kutuma, tumeni fomu nzima iliyosahihishwa kwa jina lile lile, mkitujulisha. Msitume mstari mmoja peke yake.

Tatu, tunzeni nakala yenu. Daftari la zahanati ndilo shahidi wa mwisho. Tunapowarudishia jumla ya robo mwaka, kaeni mbele ya daftari mlinganishe. Hakuna seva inayoweza kufanya kazi hiyo badala yenu.

Kwa wafadhili wetu, tunawakaribisha kutuuliza, sisi na wengine mnaowasaidia, maswali haya: Kazi zenu hujaribiwa wapi kabla ya kutumika? Ni nani anayeruhusu zihame, na je, ni mtu tofauti na aliyezitengeneza? Mara ya mwisho mliporudisha hifadhidata kutoka nakala ya akiba, ili kuhakikisha inarudi kweli, ilikuwa lini? Kituo kikikosa kuleta faili, nani anajulishwa? Maswali haya hayahitaji utaalamu wa kompyuta, na majibu yake husema mengi kuliko picha zilizoko kwenye taarifa.

Tunawaomba pia mzingatie jambo hili katika bajeti. Programu tulizozitaja hupatikana bure, lakini seva ya majaribio, muda wa mtu wa pili wa kukagua, na mafunzo ya mafundi havipatikani bure. Fungu la namna hii halivutii macho kama jengo jipya la zahanati, na kwa hiyo huwa la kwanza kukatwa. Hata hivyo ndilo linalotuwezesha kusema kwa dhamiri safi kwamba watoto 84 ni watoto 84.

Nyuma ya kila mstari katika mafaili hayo yuko mtu: mama aliyetembea usiku hadi zahanati, muuguzi aliyeandika jina lake kwa mwanga wa taa ya chemli. Mgawo wa dawa na wa watumishi hufuata takwimu. Kituo ambacho faili lake limepotea kati ya folda mbili kinaonekana kama kituo kisicho na wagonjwa, na kisicho na wagonjwa hakipelekewi dawa.